Kifungu cha Watu Waliopotea

Kazi yake ilimpa tabu kuieleza mbele za watu. Kwenye harusi, mtu wa meza moja naye akimwuliza anafanya kazi gani, hujibu, "Naandika sheria." Yule mtu huweka glasi chini na kumtazama upya.

"Kumbe mbunge!"

"Hapana."

"Basi hakimu."

"Wala. Wizara ikitaka sheria mpya, inatuletea faili. Sisi tunaiweka kwenye maneno."

"Aaa, karani!" husema yule mtu kwa sauti ya aliyetua mzigo, kisha huirudia sahani yake. Naye hakuwahi kubisha. Karani ni jina kama majina mengine.

Idara ya Uandishi wa Sheria ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilisimama popote ilipotaka. Walikuwa waandishi kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na chumba chenye dirisha moja na rafu tatu za vitabu vyekundu vya sheria za nchi. Faili lilipanda kutoka wizarani likiwa na barua na maelekezo: serikali inataka jambo fulani liruhusiwe, jambo fulani likatazwe, na atakayekaidi aadhibiwe hivi. Mwandishi hulisoma, huuliza maswali, huandika mswada, huurudisha, huletewa tena umechorwachorwa, na kuuandika upya. Mwishowe waziri huusimamia bungeni kana kwamba aliuota mwenyewe.

"Sisi ni mafundi cherehani," Mkuu wa Idara aliwaambia wageni wa kazi kila mwaka. "Kitambaa analeta mwenye nguo. Ukimwona anataka suruali ya miguu mitatu, mwulize mara mbili kwa maandishi. Akisisitiza, shona, lakini ushone vizuri."

Yeye, yule wa harusini, alikuwa ameshona kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Bi Isipokuwa, kwa sababu hakuna kifungu alichokiona ambacho hakukitilia shaka. Sheria ikisema kila mtu atafanya hivi, yeye huandika pembeni kwa penseli: isipokuwa nani? Mtoto? Mgonjwa? Aliyefungwa? Jirani yake wa chumba, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliitwa Mzee Mkato. Huyu alizichukia koma. Akikuta koma mbili kwenye sentensi moja, alizifuta zote na kusema sheria nzuri isomwe kwa pumzi moja, kama mtu anayekwambia ukweli.

Mume wake Bi Isipokuwa alikuwa mpima ardhi. Jumanne moja asubuhi alitoka na pikipiki ya ofisi kwenda kukagua mipaka ya msitu, mwendo wa saa mbili. Alikunywa chai amesimama, akamwambia binti yake asisahau kumwagilia miche, akaondoka. Kesho yake pikipiki ilikutwa kando ya daraja, imeegeshwa vizuri, helmeti imetundikwa kwenye usukani. Mkoba wa vipimo haukuwepo. Polisi walitafuta mtoni na msituni, wakaja wapiga mbizi, wakaja mbwa, likaja na gazeti. Baada ya wiki sita walirudi kwenye kazi zao nyingine, na yeye akarudi kwenye yake.

Watu walimsifu. Walisema mwanamke yule ni jasiri, hajatoa hata sauti. Hakuwa jasiri. Alikuwa amekufa ganzi. Siku za kwanza alidhani itapita, kama ganzi ya jino inavyopita ukifika nyumbani. Haikupita. Alikula na kuoga kwa wakati, alicheka wenzake walipocheka, ila akichelewa kidogo, kama anayesubiri kutafsiriwa. Wapo walionong'ona kwamba kufa kufaana, huenda ana mwanamume mwingine aliyemficha. Hilo nalo lilimfikia, naye akalisikia kama anavyosikia hali ya hewa ya mji mwingine.

Mama mkwe wake alikuja kusaidia kutafuta, awe hapo wiki moja. Hakuondoka tena. Alichukua kitanda cha pili katika chumba cha mjukuu wake, akapanga dawa zake za presha dirishani. Jirani akikosea kusema marehemu, yeye humrekebisha bila hasira.

"Mwanangu hajafa. Amechelewa."

Sheria ilikuwa upande wake. Kwa sheria iliyokuwepo, mtu asiyejulikana alipo huhesabiwa yu hai mpaka itimie miaka saba. Wakati huo wote yeye ni mume wa mtu, ni baba wa mtu, na saini yake inatakiwa. Binti alipofikisha miaka kumi na mitano alichaguliwa kwenye timu ya mpira wa wavu ya shule, timu iliyokuwa inakwenda kucheza nchi ya jirani. Fomu ya pasipoti ya mtoto ilitaka saini ya baba na ya mama, au cheti cha kifo cha mmoja wao. Mama yake alikwenda na barua ya polisi. Afisa wa dirishani aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Mama, hii inasema hajulikani alipo. Haisemi amekufa."

"Ndiyo."

"Basi akipatikana, aje asaini."

Timu iliondoka bila binti. Hakulalamika. Alikaa chumbani siku mbili, siku ya tatu akatoka na kuosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Mwaka huohuo, wa nne tangu mumewe apotee, mlima uliporomoka juu ya makazi ya wachimbaji wa kokoto baada ya mvua za siku tisa. Waliofukuliwa walizikwa. Wengine zaidi ya mia mbili hawakuonekana kabisa, na familia zao zikaanza kuzunguka kwenye ofisi zilezile alizozijua Bi Isipokuwa, zikiambiwa maneno yaleyale. Walipiga kelele, magazeti yakapiga kelele, Baraza la Mawaziri likakaa. Miezi miwili baadaye faili la kijani lilipanda ghorofa ya nne: Mswada wa Sheria ya Watu Waliopotea. Miaka saba iwe mitatu.

Mambo ya familia yalikuwa ya meza yake. Mhudumu alimletea faili pamoja na chai, kama kawaida. Alilisoma lote, akalifunga, akalipeleka kwa Mkuu.

"Hili linanigusa," alisema. "Kanuni inataka nikwambie."

Mkuu alilitazama jalada, kisha akamtazama yeye, na uso ukamshuka. Alikuwa amesahau. Miaka minne watu husahau.

"Dada yangu, nisamehe. Nitampa mwingine."

"Mwingine nani? Wa vyama vya ushirika? Wa barabara?"

"Atajifunza."

"Atakosea kifungu cha mpito," alisema. Alisema hivyo tu, kama fundi anayesema bomba litavuja. Mkuu aligongesha kalamu mezani. Mwishowe aliandika kwenye jalada kwamba amejulishwa, kwamba kila rasimu itapitiwa na mwandishi wa pili, na kwamba jambo lolote la kuamua litaamuliwa na wizara kwa maandishi. Mwandishi wa pili akawa Mzee Mkato.

Basi akaandika. Wiki ya kwanza aliandika maana ya maneno: "aliyepotea" ni nani, "ndugu wa karibu" ni nani. Aliandika maombi yapelekwe mahakama gani, yatangazwe wapi, kwa siku ngapi. Alipofika kwenye ushahidi, aliona si haki mahakama imsikilize mwombaji peke yake, kwa sababu mwombaji anaweza kuwa na yake moyoni. Akaandika kwamba ni lazima asikilizwe pia mtu ambaye aliyepotea angemtafuta kama angekuwa hai. Wizara ilikipenda kifungu hicho. Walisema kina utu. Yeye alikiona kina mantiki.

Kisha alifika kwenye kifungu cha mpito, mahali ambapo maelekezo yalikuwa kimya: sheria hii itawahusu wale tu watakaopotea kuanzia sasa, au na waliokwisha kupotea? Aliandika swali la mistari miwili, Mzee Mkato akaweka saini, likaenda. Mwanasheria wa wizara, kijana mwenye haraka, alipiga simu.

"Bi, wewe unaonaje?"

"Sisi hatuoni. Ninyi mnaamua."

"Lakini kwa uzoefu wako?"

"Ndiyo maana nimeuliza kwa maandishi, mwanangu. Nijibu kwa maandishi."

Jibu lilikuja Alhamisi: iwahusu wote. Akaliweka kwenye faili, akaandika kifungu. Alikinakili kwenye rasimu safi. Hakikumfurahisha wala kumsikitisha.

Lililowasimamisha lilikuwa jambo dogo. Mzee Mkato alikuja mlangoni na rasimu ya tatu, miwani ameipandisha juu ya paji la uso.

"Mwanangu, umeandika mahakama itamtamka amekufa. Amekufa lini?"

Alisoma tena. Kweli. Amri ilikuwepo, tarehe haikuwepo. Tangu aanze kazi hakuwa amewahi kuacha shimo la namna ile, mtu akafa pasipo siku.

"Ziko njia mbili," alisema polepole. "Siku alipoonekana mara ya mwisho, au siku ya amri ya mahakama."

"Na tofauti yake?"

Alieleza kama anavyoeleza mbele ya kamati. Wakichukua siku ya kuonekana mwisho, basi yote yaliyofanywa katikati yamefanywa kwa ajili ya maiti: mke alikuwa mjane na hakujua. Wakichukua siku ya amri, basi mtu anakufa siku ambayo mkewe amekwenda mahakamani kuomba afe.

Mzee Mkato aliketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho hakuna mgeni aliyekikalia kwa muda mrefu.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake—" alianza, kisha akajikata mwenyewe, akashusha miwani. "Andika zote mbili. Wao wachague. Hili si letu."

Wizara ilichagua siku ya kuonekana mara ya mwisho. Kwenye jibu lao hawakutoa sababu. Akaweka Jumanne ile ndani ya maneno "siku ambayo kwa mara ya mwisho alijulikana kuwa hai", maneno ya mtu yeyote.

Bungeni aliketi kwenye viti vya maafisa, nyuma ya waziri, na kopi yake yenye vibandiko vya rangi. Kazi yake hapo ni kunyamaza, na kujibu kikaratasi akiletewa. Mbunge mmoja mnene mwenye sauti tamu alisimama kupinga miaka mitatu.

"Mheshimiwa Spika, mimi nasafiri sana! Mke wangu atanizika nikiwa semina!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Waziri naye alicheka mpaka akafuta macho. Kikaratasi kilirudi nyuma kutoka kwake: *Hoja hii ina tatizo lolote kwetu?* Aliandika chini yake *Hapana*, akakirudisha. Kwenye kifungu cha tisa walibadilisha "anaweza" ikawa "atapaswa", nao mswada ukapita kabla ya saa ya chakula.

Ilikuwa imebaki kuutumia.

Alimwambia mama mkwe siku ya Jumamosi, jikoni, akiwa amesimama. Alisema sheria imebadilika, kwamba sasa wanaweza kwenda mahakamani, kwamba binti amechaguliwa tena kwenye timu. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Nenda. Wewe ndiye mkewe."

"Siwezi kwenda peke yangu, mama. Sheria inataka asikilizwe mtu ambaye angemtafuta."

"Nani aliandika hivyo?"

"Mimi, mama."

Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo umeniandika."

"Sikukuandika wewe. Niliandika mtu yeyote."

"Mtu yeyote ndiye mimi," alisema mama mkwe. Akasukuma bakuli, akaenda chumbani kwake. Viazi viligeuka rangi mezani hadi jioni.

Wiki mbili hawakulizungumza. Waliambizana sukari imeisha, fundi wa bomba amepita, zima taa. Binti hakumbembeleza bibi yake wala hakuiacha fomu mezani, ingawa ilikuwa tayari kwenye mkoba wake wa shule. Alikwenda mazoezini na kurudi na magoti yenye vumbi. Jumapili ya pili, bibi alimtazama anavyovua viatu mlangoni, mguu mmoja kwanza, amejiegemeza ukutani kwa bega, vilevile alivyokuwa akivua baba yake. Akageuka kwa mkwewe.

"Ni lini?"

"Alhamisi ijayo ina nafasi."

"Nipigie pasi gauni la bluu."

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye feni mbovu. Karani alisoma kifungu cha nane kwa sauti, akakwama kwenye "alijulikana", akakirudia chote tangu mwanzo. Bi Isipokuwa aliyasikia maneno yake yakipita midomoni mwa mtu mwingine, akawaza kwamba Mzee Mkato alikuwa sahihi, kile kifungu hakikusomeka kwa pumzi moja. Yeye aliulizwa maswali manne na kuyajibu. Kisha hakimu, mwanamke wa makamo mwenye mafua, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, tangu siku ile umewahi kupata habari yoyote ya mwanao? Barua, simu, hata salamu kwa mtu?"

Kizee alishika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Nje mtu alikuwa anaita majina ya kesi nyingine.

"Mama?"

"Hapana."

"Na kama angekuwa hai, angekutafuta?"

"Angenitafuta," alisema. "Huyo asingekaa wiki." Kisha akanyoosha kidole kuelekea kalamu ya karani. "Andika hivyohivyo. Usiongeze."

Amri ilitoka, na baada ya siku kumi cheti. Bi Isipokuwa alikisoma ofisini mara moja, kwenye ngazi mara ya pili, na nyumbani mara ya tatu kabla ya kukiweka mezani. Mama mkwe alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akafika kwenye jina, akasimama.

"Hili si jina la mwanangu."

Ilikuwa kweli. Herufi moja ilikuwa imekosewa, ile ya katikati. Yeye ambaye wenzake walimtuma kutafuta nukta iliyopotea kwenye kurasa mia nne alikuwa amelisoma jina la mumewe mara tatu na hakuona kitu. Alikikunja cheti, akasema atakirudisha kesho, na kesho yake akakirudisha. Kilichukua siku nane kurekebishwa. Pasipoti ya binti ilitoka siku mbili kabla ya safari, naye akaondoka na wenzake kwenye basi la shule, amevaa jezi namba sita, akipunga mkono kwa haraka kama wafanyavyo watoto wakiwa na furaha wanayoionea aibu.

Mkuu ndiye aliyemkumbusha likizo ya kufiwa. Akateremka ghorofa ya pili kwa afisa utumishi, mama mpole aliyekuwa na kikapu cha peremende mezani. Afisa aliangalia cheti, akaangalia kitabu cha kanuni, akaangalia cheti tena.

"Dada, pole sana. Lakini hapa… siku kumi zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kifo."

"Ndiyo."

"Na tarehe ya kifo ni miaka mitano iliyopita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo zimekwisha." Alilisema kwa aibu, akasogeza kikapu cha peremende mbele. "Hivi nani huandika mambo haya?"

"Sisi," alijibu. "Ghorofa ya nne."

Alichukua peremende moja kwa adabu. Mkuu, alipopata habari, alitukana kwa sauti ya chini na kumwandikia siku tatu za likizo ya kawaida.

Siku ya kwanza alifika nyumbani saa sita mchana, saa ambayo hakuwa ameiona nyumba yake siku ya kazi tangu akiwa na mimba. Ilikuwa na mwanga mwingi. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, ungo magotini, anachambua mchele. Hakushangaa.

"Wamekupa siku ngapi?"

"Tatu."

"Kaa."

Alivua viatu, akakaa. Walichambua pamoja, yeye upande wake na mama mkwe upande wake, wakitupa vijiwe kwenye kisosi.

"Wewe utalia lini?" aliuliza mama mkwe.

"Sijui, mama."

"Mimi nimekwisha kulia. Ile siku ulikwenda kurekebisha herufi. Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango, nikamwambia aingie, akalia na yeye, wala hakumjua mwanangu vizuri."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Wewe uso wako ulikuwa uleule." Alipuliza makapi kutoka kwenye ungo. "Sikulaumu. Wengine huchelewa. Ila ikija, niite. Usijifungie chooni na maji wazi, kama wale wa siku hizi."

"Nitakuita."

Mchele ulikwisha. Mama mkwe akaenda kuupika, naye akabaki mkekani, mikono imelala mapajani na vumbi jeupe la mchele kwenye vidole. Alijaribu kumfikiria mumewe. Akamwona amesimama, kikombe mkononi, lakini kwa mbali, kama mtu anayeonekana upande wa pili wa barabara yenye magari. Hakulia. Alilala palepale, akaamka jua limehamia ukuta mwingine, amefunikwa shuka.

Siku ya nne alipanda ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imesimama. Mezani kulikuwa na faili jipya kuhusu mizani za masokoni. Serikali inataka kila mizani ikaguliwe mara moja kwa mwaka. Alisoma ukurasa wa kwanza, akausoma tena, akachukua penseli, na pembeni akaandika swali lake kwa wizara: mwaka huo waanze kuuhesabu siku gani?